Kifuniko Kilichoandikwa Klorini

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alitunza stoo ya kemikali katika kiwanda cha sabuni za maji, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Stoo. Alianza kama kibarua wa kuosha madumu, akapanda kuwa msaidizi, kisha kampuni ikampeleka mafunzo ya wiki tatu, akarudi na cheti cha usimamizi wa kemikali. Maana ya cheti kile ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: kila kitu chenye kuunguza, kuwaka au kudhuru kilichoingia kiwandani, mbele ya sheria yeye ndiye wa kukijibia.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Stoo yake ilikuwa na mlango wa chuma, madirisha ya wavu na sakafu ya saruji iliyoinamia kwenye mfereji. Asidi ya kutengenezea dawa ya choo ilikaa kushoto. Klorini ya kutengenezea maji ya kung'arishia nguo ilikaa kulia. Katikati palijengwa ukuta wa matofali, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya kijani kibichi iliyochanganyika na njano, na hewa hiyo huchoma mapafu. Mfanyakazi mpya aliambiwa hivyo siku ya kwanza, na aliyemwambia ni Mama Stoo mwenyewe, akimwonyesha kwa kidole huku na huku. "Huyu na yule hawasalimiani. Umenisikia? Hata wakiwa wagonjwa hawaendi kujuliana hali."

Watu walicheka, na wakakumbuka.

Lakini kulikuwa na desturi moja katika stoo ile ambayo ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na kwa kuwa ilikuwa ya zamani ikaonekana kama sheria. Kemikali ilitolewa kwenye mapipa makubwa ikatiwa kwenye madumu ya lita ishirini, yote meupe, yote ya aina moja. Jina la kemikali halikuandikwa ubavuni mwa dumu. Liliandikwa juu ya kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito. Ubavu ulisuguliwa kwa brashi kila Alhamisi, maandishi yasingedumu, kifuniko hakikusuguliwa. Hiyo ndiyo hoja yao, na ilirithiwa kutoka kwa mtunza stoo hadi mtunza stoo. Siku ya kuosha, vifuniko vyote vilikusanywa kwenye beseni moja. Madumu yakishakauka na kujazwa, Mama Stoo alivirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, asidi kwa asidi, klorini kwa klorini. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Aliamini kwamba kwa kuwa mkono ulikuwa wake, kosa halingetokea.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya serikali inayosimamia kemikali. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, asiyekubali hata soda. Alizunguka stoo kwa saa mbili, akachukua kifuniko cha dumu moja, akakibadilisha na cha dumu la jirani, akamgeukia Mama Stoo.

"Sasa hili lina nini ndani?"

"Asidi."

"Limeandikwa klorini."

"Si umebadilisha wewe, dada, nimekuona!"

"Na kama si mimi niliyebadilisha? Na kama wewe usingekuwepo?"

Mkaguzi akaandika agizo: ndani ya siku tisini kila dumu libandikwe lebo ubavuni, yenye jina, alama ya hatari na tarehe ya kujazwa, na madumu ya asidi yawe ya rangi tofauti na ya klorini. Kiwanda kikileta fomu ya kuthibitisha utekelezaji, leseni itaendelea.

Lebo zililetwa. Zikabandikwa wiki ya kwanza, Alhamisi zikalowa, Ijumaa zikabanduka. Zilikuwa za karatasi. Zilizotakiwa ni za plastiki. Mama Stoo alimwambia meneja, meneja akasema ataagiza. Madumu ya rangi nayo yangeagizwa. Siku ya themanini na nane meneja alishuka stoo na fomu mkononi.

"Weka sahihi hapo, mama. Tumetekeleza."

"Hatujatekeleza, bosi."

"Tunatekeleza. Vitu vimeshaagizwa. Unataka wafunge kiwanda kwa ajili ya stika?"

Akaweka sahihi. Mara nyingi watu wanaposimulia habari za uongo wa namna hii husema "alilazimishwa". Hakulazimishwa. Hakushikiwa fimbo. Alikuwa anajua kusoma, alisoma kilichoandikwa, akajua si kweli, akaandika jina lake chini yake kwa mwandiko mzuri. Madumu ya rangi hayakuja, lebo za plastiki hazikuja, na yeye hakuuliza tena.

Sasa nimtaje mtu wa pili. Alikuwa mchanganyaji kwenye matangi, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye mabega mapana na sauti ya juu. Alifika kiwandani akiwa hajui hata herufi moja. Alipofika umri wa miaka arobaini na minne alijiandikisha darasa la watu wazima, akahudhuria kila siku baada ya zamu, miaka miwili. Siku aliyosoma ubao wa matangazo mbele ya wenzake bila kusaidiwa, walimpigia makofi kwa kebehi, wakambandika jina la Profesa. Alilipokea jina hilo bila kinyongo. Alisoma kila kitu, kwa sauti, akifuata kwa kidole: maboksi, kalenda, onyo kwenye swichi. Alisoma polepole, na asiyekuwa na subira aliondoka kabla hajafika mwisho.

Yeye na Mama Stoo walitaniana kila asubuhi dirishani pa stoo.

"Mama Stoo, leta klorini madumu manne, na usinipe yale ya jana, yalikuwa mepesi kama mchuzi wa bwenini."

"Profesa, ujazo ni lita ishirini. Au shuleni hamkufika kwenye hesabu?"

"Tulifika. Tulikuhesabu wewe, tukakuta umepungua nyama."

Kabla ya kuondoa dumu lolote alisoma kifuniko. "Ki-lo… Klorini. Sawa." Ndipo abebe. Hakuna mchanganyaji mwingine aliyefanya hivyo.

Alhamisi moja madumu yalikuwa yameoshwa, vifuniko vimo besenini, lori la mzigo likafika kabla ya wakati. Mama Stoo aliwaacha vibarua wakijaza, akaenda kupokea mzigo na kukagua mapipa. Aliporudi, madumu manane yalikuwa yamejaa na yamepangwa wazi, na dereva alikuwa getini anapiga honi atiliwe sahihi karatasi zake. Akavifunga vifuniko mbio mbio. Alifuata mpangilio wa siku zote wa madumu, bila kuinama kutazama kilichomo. Lakini vibarua siku hiyo hawakuyapanga kama siku zote.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Profesa alimimina dumu la tatu kwenye tangi la klorini. Katika chumba kile pua haina kazi. Kila kitu hunuka klorini. Aliyekuwa karibu alisimulia kwamba maji yalichemka kama chungu, moshi wa kijani ukapanda taratibu hadi kifuani, kisha ukaenea haraka. Profesa alikuwa amevaa barakoa ya vumbi, kwa kuwa ndiyo waliyopewa. Alimsukuma mwenzake nje ya mlango, akarudi kufunga bomba la tangi, na aliporudi ndipo alipoanguka.

Walimtoa kwa kumburuta. Watu walikimbilia uwanjani, ving'ora vikalia. Mama Stoo alivaa barakoa ya chujio, ile moja iliyokuwa stoo, akaingia kuwasha feni. Sakafuni, karibu na tangi, aliona kifuniko. Kilikuwa kimelala uso juu. KLORINI, kwa mwandiko wake, herufi R imekatika kidogo kwa sababu kalamu ilikuwa inaisha wino. Na dumu lililokuwa pembeni, kwa jinsi lile tone lililobaki lilivyofuka kwenye saruji, lilikuwa la asidi.

Alielewa yote kwa mara moja. Aliinama, akaokota kifuniko, akakitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Tendo hilo lilichukua muda mfupi kuliko kulisoma hapa. Lakini ndilo lililobadilisha habari yote. Dumu lilibaki bila kifuniko, na dumu la asidi lisilo na kifuniko lilizungumza kitu kimoja tu: kwamba lilikuwa limeandikwa asidi, na aliyelichukua hakujua kusoma.

Kufikia jioni kiwanda kizima kilikuwa na jibu. "Profesa kasoma vibaya." Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa lile cheko la mtu aliyengoja miaka sita kusema. "Si nilisema? Mtu mzima hafundishiki. Anafuata kwa kidole, kidole kimepotea njia."

Siku ya pili meneja alimwita Mama Stoo ofisini, akafunga mlango.

"Ripoti inatakiwa ofisi ya kemikali ndani ya siku saba. Maelezo yako wewe kama msimamizi ndiyo yatakayobeba. Andika tu ulichokabidhi na kilichoandikwa."

"Bosi, yale madumu…"

"Mama." Meneja alinyanyua kiganja. "Sitaki kujua zaidi ya ninachojua. Umebakiza miaka minne ustaafu. Ile fomu ya lebo ina sahihi yako na yangu. Wakikuta lebo hazipo, mimi na wewe tuko pamoja. Wakikuta mtu alisoma vibaya, ni bahati mbaya tu."

"Na yeye?"

"Ataachishwa kwa uzembe. Hakuna namna. Lakini tutamfikiria."

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi nyumbani, sebuleni, penye mwanga, na vitambaa vilitanda kila kiti. Alimwona mkewe ameshika kijiko bila kula, akatoa pini mdomoni.

"Mama watoto, unaumwa?"

Akamweleza. Akatoa kifuniko mfukoni akakiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Mume akakigeuza, akakisoma.

"Nani mwingine amekiona?"

"Hakuna."

"Basi kitupe."

"Ndivyo unavyosema wewe?"

"Ndivyo ninavyosema mimi. Mwanao wa mwisho yuko chuo. Mtu hajafa. Unataka ujichome kwa ajili ya nani?" Kisha akashusha sauti. "Usinitazame hivyo. Umeniuliza, nimekujibu."

Simlaumu sana fundi yule. Alisema kile ambacho watu wengi waadilifu husema sebuleni mwao kuhusu mtu wasiyemwona. Kosa lake ni hilo tu, kwamba hakumwona.

Mama Stoo alikwenda kumwona. Ilikuwa siku ya nne. Profesa alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango, ana mrija wa oksijeni puani, macho mekundu kama pilipili. Mkewe alikuwa akimkanda miguu. Alipomwona Mama Stoo, mgonjwa alijaribu kuinuka.

"Lala, lala," Mama Stoo akasema.

"Dada." Sauti yake ya juu ilikuwa imebaki mkwaruzo. Aliongea maneno mawili, akapumzika, akaongea mengine mawili. "Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekuharibia stoo yako. Miaka yote hakuna ajali. Nimekuletea doa mimi." Akakohoa hadi mkewe akamshika kifua. "Nilisoma klorini. Naapa niliona klorini. Lakini wamekuja watu wa ofisini wameniambia ilikuwa asidi. Basi macho yangu. Basi sijui… labda sikuwahi kujua kusoma. Labda nilikuwa nakariri tu."

"Usiseme hivyo."

"Nimemwambia mke wangu asinisomeshe tena gazeti. Akae nalo yeye."

Mke akacheka kidogo, cheko la kutaka kumpa moyo mgonjwa. "Anakataa hata kusoma dawa zake. Ananiambia, soma wewe, nikisoma mimi nitakunywa sumu."

Mama Stoo alikaa dakika kumi, akaaga. Hakusema neno lingine. Siwezi kulipamba hilo. Alikuwa na ukweli wote ndani ya pochi yake, umefungwa kwenye leso, na alimwacha mgonjwa akiomba radhi kwa kosa la mtu mwingine, kwa sababu alikuwa anaogopa. Alirudi kesho yake, akamkuta vilevile, akaombwa radhi tena. Akaondoka tena.

Siku ya sita mkaguzi alifika, yule yule mwenye miwani. Meneja alimkaribisha ofisini, maelezo yakiwa yamechapwa tayari, yanasubiri tu sahihi ya msimamizi wa kemikali. Yalikuwa mistari kumi na miwili. Mstari wa saba ulisema mfanyakazi alichukua dumu lililoandikwa asidi na kulimimina kwenye tangi la klorini "kwa kutosoma kwa makini".

Mama Stoo aliletewa kalamu. Aliusoma mstari wa saba, kisha akaisukuma karatasi mbele.

"Hii sisaini."

"Mama," meneja akasema taratibu, "tuliongea."

"Tuliongea. Na ile ya mwanzo tuliongea, nikasaini." Akafungua pochi, akafungua leso, akaweka kifuniko mezani. "Alisoma kwa makini. Aliyeandika ni mimi, aliyefunga ni mimi, aliyekiokota akakificha ni mimi. Lebo hazikuwahi kubaki kwenye dumu hata wiki moja. Fomu niliyoleta ofisini kwenu ni uongo, na nilijua ni uongo."

Mkaguzi hakukishika kifuniko. Alikitazama, akavua miwani, akaifuta.

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliogopa."

"Unajua cheti kinaondoka?"

"Najua."

"Na unaweza kushtakiwa."

"Najua, dada. Usinihurumie."

Mkaguzi akasema waende stoo. Yalikuwepo madumu sitini na mawili. Walivaa glavu, wakayafungua yote, wakapima kila moja kwa karatasi za kupimia. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, na Mama Stoo ndiye aliyekuwa akiyasogeza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mpangilio. Alidhani watakuta kosa moja zaidi, lile la siku ya lori. Walikuta saba. Saba, katika stoo ya mtu aliyeamini mkono wake. Baadhi yalikuwa yamekaa tangu miezi iliyopita, nyuma kabisa, yakingoja kuchukuliwa. Kwenye la tano Mama Stoo alikaa chini, juu ya sakafu. Mkaguzi alimngojea. Kisha wakaendelea na la sita.

Kiwanda kilifungwa wiki tano. Meneja aliitwa kujibu kwa ile fomu, na hakurudi kwenye kiti chake. Mama Stoo alifutiwa cheti, akaachishwa kazi, na shauri lake likapelekwa mbele. Wafanyakazi waliokaa nyumbani wiki tano hawakumshukuru. Kwenye kituo cha basi mwanamke mmoja wa idara ya kufungasha alimwambia mbele za watu, "Ulinyamaza siku tano, ulishindwaje ya sita?" Mumewe hakumsema. Alimshonea gauni bila kuombwa, akalikunja, akaliweka kitandani, na hawakulizungumzia jambo hilo.

Hospitalini alikuwa amekwenda siku ile ile ya kupima madumu, kabla hata hajaenda kwake. Alimweleza Profesa yote, akiwa amesimama. Mgonjwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Palepale. Siku ile ile."

"Kwa hiyo ulipokuja hapa, nikakuomba radhi…"

"Nilikuwa najua."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Akageuza uso akatazama ukuta. Mkewe alisimama, akamshika Mama Stoo kiwiko, akampeleka hadi mlangoni, si kwa ukali wala kwa upole. "Usije tena mpaka aseme mwenyewe," akasema. Profesa hakusema. Wapo waliomwona ana roho ngumu. Mimi sioni hivyo. Kukiri ni deni la aliyekosa, lakini hakumpi haki ya kudai kupokelewa. Mtu anapaswa kusema kweli hata akijua kwamba upande wa pili hakuna mkono utakaonyooshwa.

Kanuni zinataka ripoti ya ajali ya kemikali isomwe mbele ya wafanyakazi wote kabla uzalishaji haujaanza tena. Ilisomwa uwanjani, asubuhi ya Jumatatu, madumu mapya ya buluu na meupe yakiwa yamepangwa ukutani, kila moja na lebo ubavuni. Mama Stoo aliitwa awepo kwa sababu maelezo ni yake. Alisimama peke yake karibu na geti, amevaa gauni lile jipya. Watu waliacha nafasi kubwa kumzunguka.

Profesa alikuwa mbele, amepungua, shati linaning'inia. Daktari alikuwa amesema hatarudi kwenye matangi. Atapangiwa kazi nyepesi. Mkaguzi alifungua ripoti, akaanza na tarehe na mahali. Alipofika kwenye sehemu ya chanzo, Profesa alinyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Hapo naomba nisome mimi."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mkaguzi akatazama saa, kisha akampa karatasi.

Profesa aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akaweka kidole chini ya mstari. Alisoma neno moja, akavuta pumzi, akasoma lingine, kifua chake kikitoa mlio kama mlango mkavu. "Dumu… lilikuwa… na kifuniko… kilichoandikwa… klorini. Mfanyakazi… alisoma… kifuniko hicho… kwa usahihi."

Ilichukua muda mrefu. Vibarua, mafundi, madereva, wanawake wa kufungasha, wote walisimama wakangoja kila neno lifike. Safari hii hakuna aliyeondoka. Alipomaliza mstari ule hakumrudishia mkaguzi karatasi. Alishuka kwenye mstari unaofuata, akaendelea kusoma.